Shajara ya ruta mpya, nyumba ya Mikindani

Jumamosi, 5 Julai

Ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao nyumbani, imeingia ndani leo saa 10 jioni. Ni ya laini, ya 4G, ina antena mbili za kukunja na matundu mawili ya waya nyuma. Nimeinunua Mtwara mjini kwa sh. 95,000. Boksi lake lilikuwa limeshafunguliwa. Muuzaji akasema aliijaribu mbele ya mteja wa asubuhi. Naliandika hilo pamoja na mengine yote.

Mpaka jana nyumba nzima ilikuwa inakula bando la simu yangu. Nikitoka, mtandao nao umetoka. Mdogo wangu anasoma chuo kwa masafa na vipindi vyake vingi ni vya usiku. Halafu kuna Mama. Dada yake, mama mkubwa wetu, aliolewa Pemba ya Msumbiji kabla mimi sijazaliwa, na tangu mwezi wa 4 hatoki kitandani. Kila siku baada ya Isha Mama anataka kumwona. Kumsikia tu hakumtoshi, anataka kuuona uso wake. Kwa hiyo nataka mtandao usiokata, na nitaandika humu mpaka utulie.

Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo. Taa ya umeme, taa ya mnara na taa ya waifai zote kijani. Simu ya kwanza ya video tumepiga saa 2:20 usiku. Dakika ya nne picha ikaganda, mama mkubwa mdomo wazi na macho yamefumba nusu. Mama akaishika simu kwa mikono miwili akaita, "Dada! Dada!" Alidhani kimemtokea kitu. Tulipopiga tena ikakata dakika ya sita. Mara ya tatu hata salamu hazikwisha.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi nimefanya yale ambayo kila mtu hufanya. Nimeizima na kuiwasha. Nimechomoa laini, nimeifuta na kuirudisha. Kisha nimebonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano mpaka ikasahau mipangilio yote, nikaanza kuiseti upya, jina na nywila. Saa nzima imekwenda, na usiku imekata mara tano.

Kosa langu ni kwamba nimebadili mambo matatu kwa mkupuo. Hata ingetulia, nisingejua kilichoituliza ni kipi. Kuanzia kesho nagusa kitu kimoja tu kwa siku, na kila ikikata naandika saa, taa zilivyokuwa, na nani alikuwa anafanya nini. Daftari nimelifunga kwa uzi kwenye mpini wa kabati ili mdogo wangu naye aandike.

Mama leo amezungumza na dada yake haraka haraka, maneno yanapandana, kama mtu anayewahi basi.

Jumatatu, 7 Julai (Saba Saba)

Sikukuu, sikuwa na kazi, nimekaa na mashine siku nzima. Leo nimepata kitu cha maana.

Nimechomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya ili waifai isiwemo kwenye hesabu. Nikafungua madirisha mawili, kila moja linapiga pingi. Kwa asiyeijua, pingi ni kubisha hodi: kompyuta inabisha, upande wa pili unaitika, na unaandikiwa jibu limechukua milisekunde ngapi. Dirisha la kwanza linabisha kwa ruta yenyewe, 192.168.1.1. La pili linabisha mbali, 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google iliyo wazi kwa kila mtu. Nimeziita hodi ya ndani na hodi ya nje.

Maana yake ni hii. Hodi ya nje ikikosa jibu huku ya ndani inaitikiwa, ruta ni nzima, ubaya uko kwenye laini, mnara au huko mbele. Zikinyamaza zote mbili, ubaya uko humu humu ndani.

Kutwa hodi ya ndani ilijibiwa kwa milisekunde 1, ya nje kati ya 45 na 70. Saa 2:31 usiku, Mama akiwa kwenye simu, zote mbili zikanyamaza kwa wakati mmoja. Kompyuta ikaniambia waya umechomoka, nami nilikuwa nimeushika kwa mkono. Nikainua macho: taa za ruta zote zimezimika. Sekunde moja, mbili, ikarudi ya umeme peke yake, kisha nyingine zikafuata taratibu, kama dakika na nusu hivi mpaka ya mnara.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu inayoonesha muda tangu iwake. Dakika 2 na sekunde 11.

Siku mbili nimeulaumu mnara. Kumbe mtandao haukati hata kidogo. Ruta yenyewe inazimika na kuwaka. Kwenye simu mambo hayo mawili yanafanana kabisa, kiduara kinazunguka, basi. Ndiyo maana tumezunguka nacho.

Jumanne, 8 Julai

Nilikuwa kazini. Mdogo wangu ameandika: imezimika 3:05 usiku na 3:40 usiku, alikuwa anatuma kazi ya chuo.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimeishuku friji. Iko ukuta mmoja na ruta, ekstensheni moja, na kila inaponguruma taa ya sebuleni hupepesa kidogo. Nilishajiambia umeme unashuka na ruta inazidiwa. Nimeichomoa friji saa 1 jioni, samaki wakakaa kwenye ndoo ya barafu, na ekstensheni nimeitoa kabisa. Ruta imechomekwa ukutani peke yake.

Imezimika 2:26. Ikazimika tena 2:44.

Friji haina kosa. Nimeirudisha, nimefuta mstari kwenye daftari. Inauma kupoteza jioni nzima kwa dhana niliyoipenda, lakini sasa friji na ekstensheni zote mbili zimetoka kwenye orodha na sitazirudia.

Kabla ya kulala nimesoma daftari tangu mwanzo, na kuna jambo limejitokeza. Jumanne mchana mdogo wangu aliangalia kipindi kirefu cha video, saa nzima, haikuzimika. Jumatatu asubuhi nilishusha faili kubwa la masasisho ya kompyuta, haikuzimika. Mara zote ilipozimika, bila kukosa hata moja, kuna mtu alikuwa ama kwenye simu ya video ama anatuma faili. Kupakua, yaani kushusha, hakuizimi. Kupakia, yaani kutuma, ndiko kunakoiangusha.

Sijui bado kwa nini. Ila hii si bahati mbaya, mara 13 kwa mara 13.

Ijumaa, 11 Julai

Mjomba amekuja baada ya swala ya Ijumaa. Ni fundi redio tangu enzi za redio za mbao, siku hizi anatengeneza zaidi chaja na spika. Nilimpigia jana nikamsomea daftari kwenye simu. Akanyamaza, halafu akauliza jambo moja tu: "Adapta yake imeandikwa nini?"

Sikuwa nimeisoma. Siku sita nimehangaika na mashine hii na sijawahi kuigeuza adapta nione maandishi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Lete tochi."

Chini ya ruta pameandikwa volti 12, ampea 1.5. Kwenye adapta, maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, mpaka uyalaze kwenye mwanga: volti 12, ampea 0.5. Theluthi moja. Ukizidisha, ruta inaweza kuhitaji hadi wati 18 na adapta imeahidi wati 6. Hii si adapta yake. Ni ya kifaa kingine kidogo iliyotumbukizwa kwenye boksi lililofunguliwa.

Nilitaka kuinuka nikatafute nyingine hapo hapo. Mjomba akanizuia. "Maandishi yamesema. Sasa tuiulize yenyewe." Akaomba sindano mbili za kushonea. Adapta ikiwa imechomolewa, alichoma sindano moja kwenye uzi mmoja wa waya wake, ya pili kwenye uzi wa pili, mbali na mwenzake kama upana wa vidole vinne ili zisigusane, akabana kila moja kwa koleo la mita yake. Huu ni upande wa volti 12, hauumizi. Upande wa ukutani usiuguse hivyo kamwe. Kisha tukachomeka.

Nayaandika yale niliyoyaona kwenye mita. Ruta haijachomekwa: 12.3. Imechomekwa, haina kazi: 11.7. Mdogo wangu anaangalia video: 11.2. Kisha Mama akapiga simu ya video. Namba zikaanza kucheza, 10.8, 10.3, 10.6, 10.1. Dakika ya tano mama mkubwa alipogeuzwa upande ili aonekane vizuri, mita ikaruka 9.4 na taa zote zikazimika mbele ya macho yetu. Volti zikarudi 12.3 papo hapo, maana hapakuwa na wa kuzila.

Soketi ya ukutani akaipima mwisho: volti 224. Umeme wa nyumba hauna neno.

Na ile ya kupakia? Mjomba ndiye aliyenifungulia. Ruta ya laini inapopokea, inasikiliza tu. Inapotuma, inapaza sauti mpaka mnarani. Ikiwa mnara uko mbali au kuna ukuta katikati, mnara unaiambia ipaze zaidi, nayo inapaza hadi kikomo chake. Kusikiliza hakuli sana umeme. Kupaza sauti ndiko kunakokula, na kunakula kwa vipindi vifupi vya ghafla. Ndiyo maana filamu ilipita salama na simu ya Mama ikakata. Na ndiyo maana dukani ilipojaribiwa haikuonesha kasoro: mjini mnara uko karibu, na mtu wa dukani hufungua ukurasa mmoja akatosheka.

Nimemwekea Mjomba chai na mihogo. Amekataa hela.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda Mtwara na bajaji, ruta mfukoni mwa mkoba na adapta yake. Dukani nimeonesha maandishi mawili. Jibu lilikuwa kwamba boksi lilitoka kamili na adapta haina warantii. Nimebishana kwa adabu kama robo saa, mwisho nimetoka. Imeniudhi. Mtu anayeuza kitu cha umeme ana wajibu wa kukiuza na adapta yake, kwa sababu mnunuzi atapiga magoti mbele ya mipangilio wiki nzima akitafuta kosa ambalo halipo.

Nimenunua ya volti 12 ampea 2 kwa fundi wa karibu na soko, sh. 12,000. Mawili ya kuzingatia kwa atakayenunua. Volti lazima zilingane, 12 kwa 12. Ampea zinaweza kuzidi, hazina madhara, ruta itachota kiasi chake na nyingine zitabaki. Zikipungua ndiyo taabu hii tuliyoiona. La pili ni kichwa cha waya kinachoingia kwenye ruta. Vipo viwili vinavyofanana kwa nje, kipenyo 5.5 mm, lakini tundu la ndani moja ni 2.1 mm na la pili 2.5 mm. Fundi alinipa kwanza cha 2.5, kikaingia vizuri, lakini nilipokitikisa taa zikapepesa. Cha 2.1 kimekaa kimya. Kama nisingebeba ruta ningerudi nyumbani na ugonjwa mwingine wenye dalili zile zile. Na kile kichoro kidogo cha duara chenye alama ya kujumlisha katikati kiwe sawa kwenye ruta na kwenye adapta.

Usiku simu dakika 25. Imekatwa na Mama mwenyewe, usingizi.

Jumapili, 13 Julai

Muda tangu iwake: saa 28 na dakika 9. Simu ya dakika 40. Hakuna mstari mpya kwenye daftari. Adapta ya zamani nimeifunga gundi ya karatasi nikaandika juu yake 0.5 kwa kalamu nyekundu, isije ikarudishwa na mtu gizani.

Jumatatu, 14 Julai

Sasa ruta haizimiki, na lile lililokuwa limejificha nyuma yake limeonekana. Chumba cha nyuma, anakosomea mdogo wangu, waifai inafika kwa taabu. "Dada, inaonesha mistari miwili halafu inapotea." Wiki iliyopita tulizirundika zote, kuzimika na kupotea, kwenye neno moja: inasumbua. Ni magonjwa mawili.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, kama nyumba nyingi za Mikindani za upande wa bahari. Boma la Wajerumani lililoko kilimani, la 1895, nalo ni la ukuta mnene namna hiyo. Nimepima ukuta wa sebule mlangoni: sentimita 54. Kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna kuta mbili za hivyo. Zinatupa ubaridi mzuri mwezi wa 12, lakini mawimbi ya redio yanapita humo yakiwa yamechoka.

Ruta inatoa waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Nimetembea na kompyuta kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Sebuleni, gigahezi 5 inakwenda vizuri sana. Ukuta wa kwanza inabaki robo. Ukuta wa pili haionekani kabisa. Ya 2.4 inafika mpaka nyuma lakini imedhoofu, hodi ya ndani inajibiwa mara kwa milisekunde 6, mara 300, mara hakuna.

Wazo la haraka ni kuisogeza ruta katikati ya nyumba. Nimejaribu, na hapo ndipo ugumu. Kwenye ukurasa wa ruta kuna namba inayoonesha nguvu ya mnara, yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Katikati ya nyumba: kutoa 113, karibu na kukata tamaa. Juu ya kabati: kutoa 106. Kwenye dirisha la sebule linalotazama barabarani: kutoa 94. Kila tofauti ya 10 ni nguvu mara 10, kwa hiyo dirisha na katikati ya nyumba havilinganishwi hata kidogo. Ruta inataka dirisha, na mdogo wangu anataka chumba cha nyuma.

Jumanne, 15 Julai

Ruta imehamia dirishani, ndani ya nondo, juu ya kibao nilichokipigilia. Pazia haligusi, mvua haifiki. Nimeangalia na jua: saa 9 alasiri linapiga pale kwa dakika kama 40, nimeweka kipande cha boksi kukinga. Nguvu imebaki kutoa 94, usiku kutoa 96. Nadhani hata kama adapta ya 0.5 ingekuwepo bado, hapa ingezimika mara chache zaidi, kwa sababu haihitaji kupiga kelele. Sitaijaribu.

Kwa chumba cha nyuma nina ruta ya zamani kutoka kazi niliyowahi kufanya, haina sehemu ya laini lakini waifai yake nzima. Nimevuta waya kutoka dirishani mpaka nyuma. Mita 20 zimetosha. Nimeupitisha juu ya fremu za milango na kuubana kwa vibanio, sikutoboa ukuta. Nyumba ni ya bibi yangu mzaa mama, chokaa ile ukiigusa inamwagika kama unga.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya. Nimechomeka ruta ya zamani na nyumba nzima imechanganyikiwa. Simu ya Mama inasema imeunganishwa, haina intaneti. Ya kwangu inafanya kazi. Ya mdogo wangu ilifanya kazi mchana ikagoma jioni, bila kuguswa. Nikifungua ukurasa wa ruta, 192.168.1.1, mara naona wa ruta mpya, mara wa zamani. Simu ya video haikupigwa leo. Tumempigia mama mkubwa kwa simu ya kawaida, dakika tatu, salio likaisha.

Nimekaa mpaka saa 6 usiku na nimeelewa. Kila ruta inagawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, na kila moja inajiita 192.168.1.1. Ni sawa na mtaa mmoja wenye wenyeviti wawili, kila mmoja na muhuri wake, wanagawa namba za nyumba bila kuulizana. Simu iliyoandikishwa kwa mwenyekiti wa mbele inapata barua zake. Iliyoandikishwa kwa wa nyuma inaambiwa mlango wa kutokea uko kwake, na kwake hakuna laini, hakuna pa kutokea. Na muda wa anwani ukiisha, simu inaomba upya na inaweza kuangukia kwa mwingine. Ndiyo maana ya mdogo wangu iligeuka jioni.

Alhamisi, 17 Julai

Imetengenezwa kabla ya saa 3 asubuhi. Nimefanya hivi, kwa mpangilio huu. Waya wa kuunganisha nimeuchomoa. Kompyuta nimeichomeka kwenye ruta ya zamani peke yake. Anwani yake nimeibadili iwe 192.168.1.2. Kazi ya kugawa anwani nimeizima, sasa mgawaji ni mmoja tu, wa dirishani. Kisha waya unaotoka mbele nimeuingiza kwenye moja ya matundu ya njano, yale ya vifaa vya nyumbani. Lile la buluu, la kupokea intaneti kutoka nje, nimeliacha wazi. Jana nilikuwa nimechomeka kwenye njano pia, kwa hiyo hilo sikulikosea. Lililobaki ni ule ugawaji.

Jina la waifai na nywila nimeviweka sawa kwenye ruta zote mbili ili simu ihame yenyewe mtu akitembea. Chaneli za gigahezi 2.4, yaani njia za hewani ambazo waifai hupitia, nimezitenganisha zisiingiliane: ya mbele 1, ya nyuma 11, upana megahezi 20. Kwenye masafa hayo chaneli zisizopandana ni 1, 6 na 11 tu. Ya jirani iko 6, tumwachie yake.

Chumba cha nyuma, hodi ya ndani: milisekunde 2, 3, 2, 2, 2. Nimeiacha ibishe mara 1,000, imekosa jibu mara moja.

Jumamosi, 19 Julai

Imebaki moja na haimo ndani ya uwezo wangu. Kati ya saa 2 na saa 4 usiku hodi ya nje inapanda kutoka milisekunde 50 hadi 200 na zaidi, wakati ya ndani iko 2. Ruta haijazimika, nguvu ya mnara haijashuka. Ni saa ambayo watu wote wamerudi nyumbani na mnara ni mmoja. Picha ya mama mkubwa inakuwa na ukungu kidogo lakini haikatiki. Masasisho ya kompyuta na video za masomo sasa vinashushwa alfajiri, mdogo wangu ameamua mwenyewe. Simu ya video tumeipunguzia ubora wa picha kwa hatua moja na imetulia.

Kinachofuata, hela zikipatikana: betri ndogo ya volti 12 ya kushikilia ruta umeme ukikatika. Nitasoma ampea zake kwanza.

Jumapili, 20 Julai

Muda tangu iwake: siku 5, saa 4. Wiki nzima umeme haukukata.

Leo simu imekaa saa 1 na dakika 12. Mama ameiegemeza kwenye kopo la sukari mezani. Mwanzoni walizungumza, habari za shamba la mikorosho, nani amezaa, nani amefariki. Kisha wakanyamaza. Nikatoka jikoni haraka nikidhani imekata, nikaangalia taa, zote kijani. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho kwenye ungo, punje moja moja, na mama mkubwa kule Pemba amelala ubavu anamwangalia. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema kitu.